Kisu cha Kambini: Usinunue Sura, Nunua Chuma!

Vijana wa mjini siku hizi tumepata ugonjwa mpya, na safari hii si wa kukesha baa mpaka majogoo. Ugonjwa wenyewe ni kupiga kambi. Ikifika Pasaka, Sabasaba au Nane Nane, utawaona 'washikaji' na mabegi mgongoni utadhani wanahama nyumba. Mmoja kabeba hema, mwingine kabeba sufuria, wa tatu kakumbatia spika ya muziki kama vile huko porini kuna harusi. Lushoto, Morogoro, Bagamoyo, Pugu, popote penye miti na upepo wanakwenda. Picha zinapigwa, roho zinatulia, Jumatatu watu wanarudi kazini macho mekundu ya moshi.

Sasa waulize hao hao: nani kabeba kisu? Hapo utaona wanavyotazamana. Mwishoni mmoja atatoa kile kisu cha mama yake cha kukatia nyanya, chenye mpini wa plastiki unaocheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Hicho ndicho watu kumi na wawili wanakitegemea kwa kuni, nyama, kamba na vigingi vya hema. Jamani!

Wala simlaumu mtu. Mjini hapa kisu hakitajwi kwa wema. Kijana akionekana na kisu kiunoni pale Kariakoo saa moja jioni, hakuna atakayemuuliza anakwenda kambi gani. Ataitiwa mwizi kabla hajafumbua mdomo, na wananchi wenye hasira kali sote tunawajua, huwa hawasubiri maelezo. Ndiyo maana wengi wetu tunakwenda porini na chochote kilichokutwa jikoni.

Tatizo ni kwamba chochote hicho kinaweza kukuondolea riziki. Katika safari moja ya Bagamoyo kulikuwa na dada mmoja wa kundi letu, kazi yake ni kusuka nywele. Alikuwa anachonga kigingi cha hema kwa kisu cha jikoni, mpini ukapasuka katikati, mkono ukateleza moja kwa moja mpaka kwenye makali. Tulimfunga kwa kanga, bodaboda ikapatikana kwa mbinde, na zahanati ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Nyuzi saba! Kidonda kilipona, lakini kidole chake cha shahada mpaka leo hakikunji sawasawa. Msusi na kidole cha shahada, msomaji wangu, unajua mwenyewe maana yake.

Baada ya hapo kundi zima tulichanga shilingi 30,000, mimi nikapewa jukumu la kutafuta kisu cha kweli. Siyo kisu cha picha, kisu cha kazi. Haya ndiyo niliyoyaona.

CHA KUKUNJA AU CHA ALA?

Tuelewane kwanza kuhusu aina. Kuna kisu cha kukunja, kile kinacholala mfukoni, na kuna kisu cha ala, ambacho chuma chake kimezama kwenye mpini na hakikunjwi maisha yake yote. Cha kukunja ni kitamu kwa kumenya chungwa ndani ya basi. Lakini pale kinapokunjika ndipo ulipo udhaifu wake. Mchanga unaingia, mafuta ya nyama yanaingia, na kile kichuma kinachokizuia kisijifunge kikilegea, kinakufungia vidole vyako mwenyewe. Kisu cha ala hakina bawaba, hivyo hakina cha kulegea hapo. Unakiosha, unakifuta, unakirudisha alani, basi.

Watu wanaponunua kisu huwa wanatazama makali. Mimi siku hizi naanza na msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini. Makali yakiisha unanoa. Msuka ukikatika ukiwa katikati ya kazi, unatafuta bodaboda.

Kuhusu urefu, usidanganywe na wenye visu virefu kama panga. Kwa kazi za kambini, chuma cha sentimita 10 hadi 12 kinatosha, na mgongo wake uwe na unene wa milimita 3 au 4 hivi. Kikiwa kirefu zaidi kinakuwa kizito kwa kumenyea viazi. Kikiwa chembamba sana, hakipasui kuni.

VISU VITATU, MFUKO MMOJA

Cha kwanza nilikikuta kwa machinga, kimelala juu ya kitambaa chekundu kama mfalme. Kisu cha 'Rambo' bwana! Mgongo una meno ya msumeno, mpini una dira upande wa nyuma, na ndani ya mpini kuna njiti za kiberiti na uzi wa kuvulia samaki. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua asili yake: filamu ya First Blood ya mwaka 1982, Sylvester Stallone yuko msituni na kisu kilichotengenezwa na fundi wa Kimarekani, Jimmy Lile. Kile cha Lile kilikuwa kisu kweli kweli. Hivi vya kitambaa chekundu ni wajukuu wa kambo. Machinga alianza na 18,000, tukamalizana kwa 10,000. Nilikichukua makusudi, maana ndicho kijana yeyote angekikimbilia.

Cha pili nilikipata duka la vyombo, kisu cha bucha kisichoshika kutu, shilingi 6,000. Muuzaji akanitolea sumaku, akaibandika kwenye kisu ikagoma kwenye mpini na kunasa kwenye chuma, akaona aibu. "Samahani kaka, hiki kumbe feki." Nikamwambia wala asiwe na wasiwasi. Watu wengi wanaamini chuma kisichoshika kutu hakinaswi na sumaku, na kwa vijiko na masufuria mengi ni kweli. Lakini visu ni hadithi nyingine. Chuma cha aina hiyo kinachoweza kukomazwa kwa moto hadi kikashika makali, sumaku inakinasa vizuri tu. Kisu cha stenlesi kisichonaswa kabisa na sumaku ndicho cha kukishuku.

Cha tatu nilikifuata Gerezani, kule kwenye milio ya nyundo. Nikamkuta mzee mmoja, jina ameniomba nisiliandike, amekaa mbele ya fuawe yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Karibu. Unataka nini?"

"Natafuta kisu cha kambini."

Akaniangalia juu mpaka chini, kama anapima kama mimi ni wa kambi au wa kukaba watu vichochoroni. "Cha kuchinja au cha kuchonga?"

"Kazi zote mzee. Kuni, nyama, kamba."

Akacheka, akavuta kipande cha springi ya lori. Akaanza kunipa darasa bila ada. Springi za gari, akasema, ni chuma kizuri kwa kisu kwa sababu kina ugumu na pia kinarudi kikipindishwa. Na hapo mzee hakukosea hata chembe. Springi nyingi za gari zina kaboni ya kama asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kukomaa kikipikwa vizuri. Lakini mzee akanionya kwamba springi kuukuu inaweza kuwa na ufa usioonekana, hasa karibu na lile tundu la katikati, kwa hiyo yeye hukata kipande mbali na pale. Kisha hukining'iniza na kukigonga na msumari. Kikilia kama kengele, kizima. Kikilia kama bati, kina ufa.

"Halafu mjukuu wangu, ukienda kununua kwa mwingine, tazama karibu na makali. Ukiona rangi ya bluu, kimbia. Grainda imekiunguza."

Hili nalo ni kweli. Chuma kilichokwisha kukomazwa, joto la grainda likikizidi mpaka kikageuka bluu, ule ukali wake unakuwa umepungua. Kitanoleka leo, kesho butu. Mzee yeye hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, akakizamisha upande wa makali kwenye oili chafu, kisha akakirudisha kwenye moto mdogo mpaka kipate rangi ya majani makavu. Bila hiyo hatua ya mwisho kisu kinakuwa kikali lakini kinavunjika kama sahani. Mpini aliuchonga wa mti mgumu, mnene, akaupigilia ribiti tatu, na msuka unaonekana mpaka mwisho wa mpini. Na ala ya ngozi juu. Bei? Shilingi 12,000.

Msomaji, tusidharau mafundi hawa. Kazi ya chuma haikuletwa kwetu na meli. Kule Upare, Ugweno, ukoo wa Washana walikuwa wahunzi wanaofahamika, na majembe na mikuki yao ilivuka mpaka kwa Wachaga. Kule Buhaya ni zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba watu wa ziwa lile walikuwa wakifua chuma chenye kaboni, yaani feleji, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Sisi tunapanga foleni kununua Rambo!

Hesabu ikawa 28,000. Iliyobaki 2,000 nikanunua kipande cha kinoo.

MTIHANI WA UANI

Jumamosi asubuhi nikavipanga visu vyote uani, majirani wakaanza kuchungulia. Mama akatoka, akatazama, akasema, "Mwanangu, unafungua bucha?" Nikamwambia ni utafiti. Akaguna, akarudi ndani.

Mtihani wa kwanza, kuangalia ndani. Nikafungua kifuniko cha Rambo. Ile dira iliniambia kaskazini ni Mbagala, nikajua tumeanza vibaya. Ndani ya mpini ulio wazi kama bomba, msuka ulikuwa kipande kifupi cha ukubwa wa kidole gumba, kimeshikwa na nati moja. Nati moja! Kisu cha bucha kilikuwa na msuka uliofika nusu ya mpini. Cha mzee, chuma kitupu mpaka mwisho.

Mtihani wa pili, tupa. Unapitisha tupa taratibu kwenye ukingo wa makali. Ikikwangua kwa urahisi, chuma ni laini. Ikiteleza na kulia kama inapita juu ya kioo, chuma kimekomaa. Rambo aliliwa kama sabuni. Cha bucha kililiwa kidogo. Cha mzee tupa iliteleza kwenye makali, lakini kwenye mgongo ikakwangua. Hapo nikaelewa kwa nini alizamisha upande mmoja tu: makali magumu yakate, mgongo laini uvumilie kugongwa.

Mtihani wa tatu, kamba ya katani. Katani ni adui wa makali, inakwangua kuliko kamba ya nailoni. Nilivinoa vyote sawa, nikakata vipande nikihesabu. Rambo alianza kutafuna badala ya kukata kwenye kipande cha 11. Cha bucha kikafika 30 kwa shida. Cha mzee nikakifikisha 50, na baada ya hapo kikakata karatasi ya gazeti, ingawa kwa kukwaruza. Kumbe hata gazeti letu lina kazi nyingine, teh! teh!

Mtihani wa nne ndio wenye kelele. Unasimamisha kipande cha kuni kinene kama kifundo cha mkono, unaweka kisu juu yake, unagonga mgongo wa kisu kwa gongo mpaka kuni ipasuke. Kigongo cha nne, Rambo aligeuka upande, chuma kinaangalia Ilala na mpini unaangalia Temeke. Cha bucha kilikuwa chembamba, kikapinda ndani ya kuni kikanasa, na kukitoa nikakuta ribiti moja imelegea. Cha mzee kilipita kuni sita, kikatoka na vumbi tu.

Mtihani wa tano, kutu. Nikavipaka ndimu na chumvi, nikaviacha mpaka asubuhi. Hapa mzee alipata sifuri. Kisu chake kiliamka cheusi chenye madoa ya hudhurungi, wakati cha bucha kinang'aa kama bwana harusi. Chuma cha springi hakina kinga ya kutu, huo ndio ukweli wake. Ukikitumia unakifuta, unakikausha, unakipaka mafuta kidogo, hata ya kupikia yanafaa. Na usikilaze ndani ya ala ya ngozi kwa wiki nzima nyumbani, maana ngozi inatunza unyevu. Kama wewe ni mvivu wa kufuta, au kambi zako zote ni za baharini, tafuta stenlesi nene yenye msuka wa kueleweka.

Hapa lazima nitende haki. Kuna visu vya bei ya kawaida duniani ambavyo msuka haufiki mwisho na bado vinafanya kazi. Mshikaji wangu anayeongoza watalii Arusha anacho kimoja cha Kiswidi, cha kiwanda cha mji wa Mora, ambako wamekuwa wakitengeneza visu tangu 1891. Chuma ni kama sentimita 10 na mpini ni wa plastiki, lakini msuka umeshikana na ule mpini barabara. Huko nje kinapatikana hata kwa chini ya dola 25. Ukipata ndugu anayerudi kutoka Ulaya, mwambie akuletee. Lakini kwa 12,000 ya mchango, mzee wa Gerezani ndiye aliyetushika mkono.

MVUA YA ULUGURU

Uani ni uani. Tulikwenda na kisu kile Morogoro, tukapiga kambi kwenye shamba la mwenyeji mmoja chini ya milima ya Uluguru, nje ya msitu wa hifadhi. Kuni tulinunua kwake kwa mzigo, hatukukata mti. Saa kumi na moja jioni mvua ikashuka, ile mvua ya milimani ambayo haipigi hodi. Kuni zote chapachapa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameteleza mtoni na begi lake lote, nguo ya kubadilisha hana, na giza lilipoingia meno yake yakaanza kugongana. Mwanzoni tulimcheka. Alipoanza kuongea maneno yasiyopangika, kicheko kikaisha.

Tukamvua nguo zile, tukamvika za kwetu, tukamfunika. Lakini alihitaji kitu cha moto tumboni, na moto haukuwepo. Kuni mbichi ya mvua, msomaji, imelowa nje tu, moyo wake ni mkavu. Ukiipasua katikati unakuta ukavu. Ukichonga ule moyo vipande vyembamba vinavyojikunja bila kuviachanisha na kijiti, vinashika moto wa mshumaa mara moja.

Nikaanza kupasua. Yule dada msusi alikuwa amekaa pembeni, na kisu alikuwa hajakigusa tangu tuondoke stendi ya Mbezi. Nilipomaliza kuni ya tatu akaniambia, "Kaka, lete hicho kisu. Wewe pasua na gongo baadaye, kuchonga huwezi, unakata vinene." Na ni kweli vilikuwa vinene. Akakishika, akaugeuza mpini mkononi mara mbili tatu. Ule unene wake ulimfaa, akaushika imara bila kuhitaji kukunja kile kidole. Akachonga akisukuma mbali na mwili, taratibu, kama anagawa nywele njia. Hakuna aliyesema neno. Kwenye kijiti cha tano moto ukashika, na baada ya nusu saa mwenzetu alikuwa anakunywa chai ya tangawizi na kutukana mvua kwa sauti nzuri kabisa.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kwa hiyo ukienda sokoni: tazama msuka, omba tupa, gonga usikie mlio, kagua rangi ya bluu, kishike mpini kama unavyoshika mwiko na uone kama unakutosha. Meno ya msumeno, dira na rangi za kijeshi ni mapambo, unalipia sura.

Ukiwa kambini, kabla ya kuchonga nyoosha mkono uzungushe pande zote. Usimguse mtu, ndipo uanze. Kata kwa kusukuma mbali nawe. Kikianguka, kiache kianguke, usikidake. Ukimpa mwenzako, kiweke chini akiokote mwenyewe.

Na njiani, kisu kisikae kiunoni wala kwenye mfuko wa suruali. Kiwe alani, kizungushiwe kitambaa, kilale chini kabisa ya begi, na begi liende kwenye buti la basi. Sheria haimpendi mtu anayetembea na silaha hadharani akitisha watu, na polisi hana namna ya kuisoma roho yako. Ukifika geti la hifadhi, sema mapema kwamba unacho na uulize kama kinaruhusiwa. Kwenye ndege usithubutu kukiweka kwenye begi la mkononi.

Waswahili walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi naongeza: mwenye msuka mrefu ndiye arudiye na vidole kumi. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia mahema yanayovuja na wauzaji wanaoapa kwamba hayavuji.